Sura ya Tano: Njia ya Maji, kutoka Kashan hadi Shiraz

Mji wa Yazd, ulio katikati ya Iran, hupata mvua isiyofika milimita 70 kwa mwaka. Masika ya pwani yetu huweza kumwaga kiasi hicho kwa siku moja. Hapana mto unaopita mjini wala ziwa la karibu, na kiangazi joto huvuka nyuzi 40. Pamoja na hayo, watu wameishi Yazd kwa zaidi ya miaka 1,500. Wamefuma hariri iliyomvutia Marco Polo alipopita hapo katika karne ya 13, wamejenga misikiti na masoko, wamepanda makomamanga na pista. Mgeni anayefika huuliza nani alijenga kuba na minara hii, na waongoza watalii wana majibu mazuri kuhusu wafalme na mawaziri. Namshauri msomaji atangulize swali jingine: maji yanatoka wapi?

Ziara ya sura hii inaongozwa na swali hilo. Tutatoka Tehran kuelekea kusini hadi Kashan, tuingie Isfahan, tukate jangwa hadi Yazd, tuchungulie Lut upande wa Kerman, kisha tugeuke magharibi kwenda Persepolis na kumalizia Shiraz, mji ambao jina lake linatajwa Unguja, Pemba na Kilwa kila panapozungumzwa asili za watu.

Milima inayozuia mvua

Iran ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo milioni 1.65, na sehemu kubwa ya nchi ni uwanda wa juu uliozungukwa na milima. Kaskazini ipo safu ya Alborz, yenye mlima Damavand unaopita mita 5,600. Magharibi ipo Zagros, ndefu na pana. Mawingu yanayotoka Bahari ya Kaspi hukwama Alborz, na yale yatokayo Mediterania huishia Zagros. Kinachobaki kwa uwanda wa ndani ni upepo mkavu.

Milima hiyohiyo inayonyima ndiyo inayotoa. Theluji ya majira ya baridi huyeyuka polepole, ikazama katika changarawe za miguu ya milima na kukaa chini kama akiba. Maji yanayobaki juu huteremka mabondeni yasiyo na njia ya kwenda baharini. Hapo jua huyanyonya na kuacha chumvi. Ndivyo lilivyotokea Dasht-e Kavir, jangwa kubwa la chumvi kusini mashariki mwa Tehran. Katika sehemu zake nyingi, ganda jeupe la chumvi limefunika tope, na mnyama aliyebeba mzigo akilikanyaga anaweza kuzama.

Kwa hiyo misafara haikukata katikati. Ilizunguka ukingoni, kati ya tope la chumvi na mguu wa mlima, na katika ukanda huo mwembamba ndimo ilimoota miji: Qom, Kashan, Nain, Yazd, Kerman. Ukiifuata barabara ya leo unapita karibu na njia ya ngamia. Kila mwendo wa siku moja palikuwa na nyumba ya wasafiri yenye kuta nene, lango moja, uwanja wa katikati, vyumba vya watu na mazizi ya wanyama. Mwaka 2023 UNESCO iliziingiza nyumba 54 za aina hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kashan: bustani bila pampu

Kashan ni mwendo wa saa tatu hivi kutoka Tehran, na ni mji mzuri wa kuanzia kwa sababu historia yake inaonekana kwa tabaka. Pembezoni kuna kilima cha Sialk, ambako wanaakiolojia wamechimbua makazi ya maelfu ya miaka kabla ya dola lolote la Kiajemi. Watu walikaa pale kwa ajili ya chemchemi, na chemchemi hiyo inatiririka hadi leo. Inaitwa Soleymaniyeh, na inalisha Bustani ya Fin.

Fin ilipangwa katika enzi ya Shah Abbas wa Kwanza, mwishoni mwa karne ya 16. Ingia langoni usimame kidogo. Mbele yako unanyooka mfereji uliotandikwa vigae vya rangi ya feruzi, na katikati yake vijito vya maji vinaruka juu kwa safu. Hakuna mashine. Maji hukusanywa kwanza katika birika lililo juu ya bustani, kisha hushuka ndani ya mabomba ya udongo, na uzito wa mteremko huo ndio unaoyarusha. Miberoshi mirefu imepangwa pande zote mbili, na kivuli chake hupunguza maji yanayopotelea hewani. Rangi ya vigae nayo ina kazi: huyafanya maji machache yaonekane mengi na yenye kina. Mwaka 2011 UNESCO iliorodhesha bustani tisa za Kiajemi kwa pamoja, na Fin ni mojawapo.

Ndani ya bustani hii kuna hamamu inayotembelewa na Wairani kwa majonzi. Hapo, Januari 1852, aliuawa Amir Kabir kwa amri ya Naser al-Din Shah, mfalme aliyekuwa amemtumikia kama waziri mkuu. Amir Kabir alibana matumizi ya ikulu, akapambana na rushwa, na akaanzisha Dar al-Funun, chuo cha kwanza cha elimu ya kisasa nchini, kilichofunguliwa mwishoni mwa 1851. Hakuishi kuona kikitoa wahitimu.

Katika mji wenyewe, tembelea nyumba za wafanyabiashara wa karne ya 19, kama ile ya Borujerdi na ile ya Tabatabai. Ua wake umechimbwa chini ya usawa wa barabara, na udongo uliochimbwa ukatumika kutengenezea matofali ya kuta. Kukaa chini kuliikaribisha nyumba kwenye mkondo wa maji ya ardhini na kuiepusha na joto. Familia ilihama ndani ya nyumba kufuata jua: vyumba vya upande mmoja wakati wa baridi, vya upande wa pili wakati wa kiangazi, na ghorofa ya chini adhuhuri.

Ukifika mwezi Mei, panda hadi Qamsar, mji mdogo wa milimani ambako mawaridi huchumwa alfajiri kabla jua halijafukuza harufu. Maua humiminwa katika masufuria makubwa ya shaba yenye maji, yakafunikwa na kuchemshwa, na mvuke hupitishwa kwenye mrija hadi chombo kilicholowekwa ndani ya maji baridi. Humo ndimo marashi hujikusanya. Kwa wasomaji wa pwani waliozoea marashi kwenye harusi, maulidi na mazishi, huenda hii ikawa saa ya karibu zaidi na nyumbani katika safari nzima.

Kutoka Kashan magari ya kupanda mchanga huenda jangwa la Maranjab, penye matuta ya mchanga, ziwa la chumvi na nyumba ya wasafiri ya enzi ya Shah Abbas. Lala huko usiku mmoja ikiwezekana. Mchana utaona chumvi imepasuka katika mapande yenye pembe nyingi, na usiku utaelewa kwa nini misafara ilipenda kutembea kwa nyota.

Isfahan: mji wa mto

Isfahan ni tofauti na ndugu zake wa jangwani kwa sababu ulizaliwa na mto. Zayandeh Rud huanzia Zagros, hupita mjini, na huishia katika bwawa la Gavkhuni bila kuiona bahari. Shah Abbas alipohamishia makao makuu hapa mwaka 1598, alikuwa na maji ya kutosha kujenga anachotaka.

Alianza na uwanja. Naqsh-e Jahan una urefu wa mita zipatazo 560 na upana wa mita 160. Kila upande una jengo lake: kasri ya Ali Qapu magharibi, msikiti wa Sheikh Lotfollah mashariki, Msikiti wa Shah kusini, na lango la soko la Qeysarieh kaskazini. Ufalme, dini na biashara vilikaa meza moja, na katikati watu walicheza polo. Nguzo za mawe za magoli bado zimesimama.

Usikimbilie msikiti mkubwa. Anza na Sheikh Lotfollah, uliojengwa kati ya 1603 na 1619. Hauna mnara wala ua, kwa maana haukukusudiwa umma. Ulikuwa wa watu wa nyumba ya mfalme. Uwanja haukujengwa kuelekea kibla, hivyo fundi alikuwa na tatizo: mlango uwe sambamba na uwanja, mihrabu ielekee Makka. Alilitatua kwa ujia wa giza unaopinda kushoto, kisha kulia. Unapofika mwisho wa ujia umeshageuzwa bila kujua, na kuba iko juu ya kichwa chako. Nje ya kuba hiyo vigae vina rangi ya maziwa inayoelekea waridi, na hubadilika kadiri jua linavyosogea. Ndani, mapambo hupungua ukubwa kadiri yanavyopanda kileleni, na jicho linadanganyika kuwa kuba ni ndefu kuliko ilivyo. Kaa chini sakafuni. Watu wengi hukaa humo dakika tano; panahitaji saa nzima.

Jioni shuka mtoni. Daraja la matao 33, Si-o-se-pol, lilijengwa chini ya usimamizi wa jemadari Allahverdi Khan. Daraja la Khaju, la mwaka 1650, ni bora zaidi kwa akili yake: chini ni bwawa lenye malango ya kuzuia na kuachia maji, katikati ni barabara, na pembeni zipo ngazi za mawe ambazo watu hukalia kupunga upepo. Wazee huja hapo kuimba chini ya matao, kwa sababu mawe huirudisha sauti vizuri.

Mara nyingi siku hizi huimba juu ya mto mkavu. Kwa miaka mingi sasa Zayandeh Rud hukauka sehemu kubwa ya mwaka. Ukame umechangia, lakini mvua peke yake haielezi jambo hili. Viwanda vikubwa vimewekwa katika bonde la mto, kilimo kimepanuliwa, na bomba limejengwa kupeleka maji Yazd. Novemba 2021 wakulima walipiga kambi kwenye kitanda cha mto uliokauka, karibu na Khaju, wakidai haki yao, na maelfu ya wakazi wakaungana nao. Uwanda wa Isfahan unadidimia kwa sababu maji ya chini yanachotwa kupita kiasi. Mgeni anayepiga picha ya daraja bila maji anapiga picha ya sera mbaya, na inafaa ajue hivyo.

Yazd: mto uliochimbwa

Njiani kwenda Yazd simama Meybod kuona nyumba ya barafu. Ni kuba ya udongo yenye umbo la pia, na ndani yake kuna shimo refu. Usiku wa baridi maji yalimwagwa katika madimbwi ya kina kifupi nje, kwenye kivuli cha ukuta mrefu. Yaliganda, yakakatwa vipande kabla ya mapambazuko, yakafukiwa shimoni kwa majani makavu. Kuta zake nene ziliyahifadhi hadi kiangazi. Watu walikula barafu jangwani mwezi Julai, karne nyingi kabla ya umeme.

Yazd yenyewe, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2017, imejengwa karibu yote kwa matofali mabichi na lipu ya udongo uliochanganywa na makapi. Mitaa ni myembamba, kuta ni ndefu, na kivuli hakikosekani. Juu ya mapaa imesimama minara ya kunasa upepo, badgiri. Ule wa bustani ya Dowlatabad unapita mita 33. Badgiri ina matundu juu na mapito ya wima ndani. Upepo ukipita, matundu huunasa na kuushusha hadi chumbani, ambako hupita juu ya kidimbwi cha maji na kupoa. Upepo ukitulia, hewa ya joto ya chumbani hupanda kupitia mapito yaleyale na kutoka nje. Simama chini yake saa nane mchana utasikia hewa usoni.

Lakini badgiri bila maji ni dohani tu. Nenda Msikiti wa Ijumaa. Ukimaliza kustaajabia lango lake refu na minara miwili iliyo juu yake, ulizia ngazi za uani. Zinashuka gizani kwa matofali yaliyochakaa, hewa ikibadilika kila hatua, hadi kwenye mfereji wa chini ya ardhi. Huu ni mkondo wa Zarch, kanati yenye urefu wa zaidi ya kilomita 70.

Kanati huanza mlimani. Mafundi huchimba kisima cha kwanza, kisima mama, mpaka wakute ardhi iliyoshiba maji. Kisha hupima mteremko kutoka hapo hadi mahali maji yanapotakiwa kutokea juu, pengine makumi ya kilomita mbali. Kazi ya handaki huanzia mwisho na kurudi nyuma kuelekea mlimani. Kila baada ya umbali fulani huchimbwa shimo la wima la kutolea udongo na kuingizia hewa, na udongo huo hurundikwa kuzunguka mdomo wa shimo. Ukiwa angani unaona mlolongo wa duara hizo ukikata jangwa. Mteremko ukizidi, maji hula kuta. Ukipungua, matope hujaa. Mchimbaji alinyoosha handaki kwa kuweka taa mbili nyuma yake na kuangalia kivuli. Alivaa nguo nyeupe ili aonekane gizani, na watu wa Yazd husema pia kwamba nguo hiyo ingemfaa kama sanda iwapo udongo ungemwangukia. Kanati ya Gonabad, kaskazini mashariki, ina kisima mama chenye kina cha mamia ya mita, na ina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Ile ya Gonabad na ya Zarch ni miongoni mwa kanati 11 zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2016.

Kuchimba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kugawa. Katika jumba la makumbusho ya maji mjini Yazd, tafuta bakuli dogo la shaba lenye tundu chini. Liliwekwa juu ya maji ndani ya chombo kikubwa, likajaa taratibu na kuzama, na kila kuzama kulihesabiwa. Hisa ya mtu katika kanati ilipimwa kwa idadi ya mazamo hayo. Mtunza saa alikaa na bakuli usiku na mchana, na msimamizi wa maji, mirab, alifungua mfereji wa huyu na kufunga wa yule. Hisa ilirithiwa, iliuzwa, ilikodishwa na iliwekwa wakfu kwa msikiti au shule. Maji yalipita kwanza kwenye mabirika ya kunywa, kisha hamamu na nyumba, kisha bustani na vinu. Fikiria kazi ya kumshawishi mwenye bustani iliyoungua kwa jua kwamba zamu yake haijafika, na kumfanya akubali. Ustaarabu wa Yazd umekaa ndani ya bakuli hilo kuliko ndani ya kuba yoyote.

Dini kongwe ya mji huu inaafikiana na hayo. Yazd ina jumuiya ya Wazoroasta, wafuasi wa dini iliyokuwa ya wafalme wa Uajemi kabla ya Uislamu. Hekalu lao lilijengwa mwaka 1934, na moto unaotunzwa ndani yake unasemekana kuwaka tangu mwaka 470. Nje ya mji, juu ya vilima viwili, imebaki minara ambako zamani waliweka wafu wao wazi kwa ndege, kwa kuwa ardhi, moto na maji havikupaswa kuchafuliwa. Desturi hiyo ilikoma katika karne ya 20.

Katika karne hiyohiyo kanati nazo ziliingia mashakani. Pampu za dizeli na umeme zilienea, mageuzi ya ardhi ya miaka ya 1960 yakavunja mipango ya zamani ya umiliki na matengenezo, na visima virefu vikashusha usawa wa maji chini ya matumbo ya kanati. Nyingi zikakauka. Kanati huteremsha kile tu ambacho mlima umejaliwa. Hata mwenye tamaa hawezi kuilazimisha itoe zaidi. Pampu haina mpaka huo.

Lut: mahali pasipo na mji

Kusini mashariki, kupitia Kerman na mji mdogo wa Shahdad, lipo jangwa la Lut, lililoingia Urithi wa Dunia mwaka 2016. Mwaka 2005 setilaiti ilipima joto la uso wa ardhi yake ikapata nyuzi 70.7, mojawapo ya vipimo vya juu kabisa duniani. Upepo umechonga ardhi katika magenge marefu yaliyopangana, ambayo wenyeji huyaita kalut, na ukiyatazama jioni unadhani ni mji uliohamwa. Nenda kati ya Novemba na Machi, pamoja na dereva wa huko, na magari yasipungue mawili.

Ukirudi, pita Mahan uone bustani ya Shahzadeh: ukuta mmoja, nje changarawe tupu, ndani maji yanashuka kwa ngazi katikati ya miti. Mwenye nafasi aendelee hadi Bam, ambako ngome kubwa ya udongo iliangushwa na tetemeko la tarehe 26 Desemba 2003. Zaidi ya watu 26,000 walifariki katika mji huo na vijiji vyake. Ngome imekuwa ikijengwa upya kwa udongo uleule. Mitende ya Bam nayo inaendelea kunyweshwa, kwa kuwa baada ya kuzika wafu watu walirudi kufukua kanati zao.

Persepolis: ngazi za mataifa

Dario wa Kwanza alianza kujenga Persepolis takriban mwaka 518 kabla ya Kristo, na Aleksanda Mkuu aliichoma mwaka 330 kabla ya Kristo. Kabla ya kuta kusimama, mafundi walichonga mwambani mifereji ya chini ya kuondoa maji ya mvua ya mlimani. Hata hapa mambo yalianzia chini.

Panda hadi ukumbi wa Apadana, uende ngazi za mashariki. Ukutani wamechongwa wajumbe wa mataifa 23 wakileta zawadi kwa mfalme: huyu na ngamia, yule na fahali, wengine na vitambaa au vyombo. Tafuta kundi la mwisho, kwenye pembe ya chini. Ni Waafrika wa Kushi, upande wa Nubia, wenye nywele za kipilipili zilizochongwa kwa uangalifu mkubwa. Mmoja amebeba pembe ya ndovu begani, mwingine anamvuta mnyama ambaye wataalamu wanabishana kama ni twiga au okapi. Nyuso zao zimetulia, na kwenye ngazi hizi wajumbe hawaburutwi kwa kamba. Wanaongozwa kwa kushikwa mkono. Mwafrika anayesimama hapo anakutana na watu wa bara lake walioingia katika kumbukumbu za dunia miaka 2,500 iliyopita.

Katika miaka ya 1930 wachimbaji walikuta hapa maelfu ya vibao vya udongo vyenye hesabu za posho: nafaka, divai na bia kwa wafanyakazi, wanawake wakiwemo, na nyongeza kwa aliyejifungua. Dola hilo liliendeshwa kwa makarani kama lilivyoendeshwa kwa majeshi. Mwanahistoria Mgiriki Polybius aliandika pia kwamba wafalme wa Uajemi waliwapa watu walioleta maji katika ardhi kavu haki ya kuilima kwa vizazi vitano. Ni sera inayoeleza mengi kuliko taji.

Shiraz na pwani yetu

Shiraz iko kilomita 60 hivi kutoka Persepolis, na ni mji wa washairi. Kaburi la Hafez, aliyefariki mwishoni mwa karne ya 14, hujaa watu usiku: wanandoa, wanafunzi, mabibi na wajukuu, wote wakisoma beti kwa moyo. Kaburi la Saadi ni la utulivu zaidi, na chini yake kuna kidimbwi cha samaki kinacholishwa na kanati. Asubuhi nenda msikiti wa Nasir al-Mulk, jua likipenya vioo vya rangi, kisha soko la Vakil, lililojengwa na Karim Khan Zand katika karne ya 18.

Msomaji wa Kiswahili hufika hapa na swali lake. Masimulizi ya Kilwa yanamtaja mwana wa mfalme wa Shiraz aliyekuja na merikebu. Watu wengi wa Unguja na Pemba hujiita Washirazi. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Na kila Julai, Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jua wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi.

Shiraz haina bahari. Bandari yake ilikuwa Siraf, kwenye Ghuba, na kutoka huko merikebu zilifuata pepo za msimu hadi pwani yetu. Mwanajiografia al-Istakhri, katika karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za ghorofa za Siraf zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj. Tetemeko la mwaka 977 liliudhoofisha mji huo, lakini usafiri haukukoma. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa katika miji ya Waswahili. Ulionyesha kuwa kuanzia karibu mwaka 1000 Waafrika na watu kutoka Asia walianza kuzaliana pwani, kwamba asili hiyo ya Asia hapo mwanzo ilikuwa hasa ya Kiajemi na ilitoka zaidi kwa wanaume, na kwamba upande wa kinamama ulikuwa kwa sehemu kubwa sana wa Kiafrika. Wazee waliosema tuna damu ya Shirazi walikuwa na hoja. Walioshikilia kwamba Uswahili ni Uafrika walikuwa nayo pia, kwa kuwa lugha, mapishi na malezi vilibaki mikononi mwa mama.

Kabla ya kufunga safari

Nyakati bora ni mwisho wa Machi hadi Mei, au mwisho wa Septemba hadi Novemba. Majuma mawili baada ya Nairuzi, inayoangukia tarehe 20 au 21 Machi, Wairani wenyewe husafiri kwa wingi na nyumba za wageni hujaa. Sheria inawataka wanawake kufunika nywele, na wanaume hawavai kaptula mitaani. Kadi za benki za nje hazifanyi kazi kwa sababu ya vikwazo, kwa hiyo chukua fedha taslimu. Bei hutajwa kwa tomani, na tomani moja ni riali kumi. Uliza kabla ya kulipa. Dereva au muuza duka akikataa malipo kwa adabu, sisitiza mara mbili tatu, maana ni heshima yao na anatarajia umlipe. Fuatilia hali ya usalama ya eneo zima kabla ya kukata tiketi, na usiende penye tahadhari.

Mjini Yazd, Kashan na Shahdad, ajiri mwongozaji mzaliwa wa hapo, anayejua kanati ya mtaa wake inatokea wapi na nani ana hisa. Mlipe vizuri. Umri wa kuba utaupata katika kitabu chochote. Jinsi watu walivyokubaliana kugawana maji kwa zaidi ya miaka 2,000 utaelezwa na wachache, nao wanazeeka. Miji hii ilidumu kwa sababu ilichukua kutoka ardhini kadiri ardhi ilivyotoa, na ikampa kila mwenye hisa zamu yake. Miongo sita ya pampu imetosha kuonyesha kinachotokea kanuni hiyo ikivunjwa. Nasi tunaochimba visima virefu kila mwaka katika miji yetu tuna kila sababu ya kujifunza kwao mapema.